Kamba wa Maji Baridi na Metali Nzito: Namna ya Kutumia EDTA na Resini Bila Kuharibu Tangi

Kamba wanakufa mmoja mmoja, konokono wamejikunja ndani ya magamba yao, lakini samaki waliomo kwenye tangi hilohilo wanaogelea kama kawaida. Ukikuta hali hiyo ndani ya siku moja au mbili baada ya kubadilisha maji, watuhumiwa wakuu ni wawili: shaba au dawa ya wadudu. Mwongozo huu unahusu shaba na wenzake, yaani zinki, risasi, nikeli na kadimiamu, na namna ya kuzidhibiti kwa kemikali zinazokamata metali: EDTA, ambayo huyeyushwa majini, na resini, vishanga vya plastiki vinavyowekwa kwenye chujio. Dawa ya wadudu haikamatwi na kemikali hizi hata kidogo. Huko msaada ni mkaa amilifu na maji mapya.

Kwa nini kamba hutangulia kufa

Damu ya kamba haibebi oksijeni kwa chuma kama damu ya binadamu. Huibeba kwa hemosianini, protini yenye shaba, ndiyo maana ina ubuluu. Kwa hiyo shaba kidogo anaihitaji, na sehemu kubwa huipata kwenye chakula. Kinachomuua ni ayoni huru za shaba, yaani chembe zenye chaji, zilizoyeyuka majini. Kamba wa maji baridi anaishi kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko damu yake, hivyo anapoteza sodiamu muda wote na analazimika kuivuta tena kupitia matamvua. Ayoni ya shaba hujishikiza hapo kwenye matamvua na kuuvuruga mtambo huo wa kuvuta sodiamu. Zinki na kadimiamu hupita zaidi kwenye njia ya kalsiamu, nazo humsumbua hasa wakati wa kujivua gamba, anapohitaji kalsiamu kwa haraka.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho, ambacho binadamu anakinywa bila shida, kinaweza kumaliza tangi zima la Neocaridina au Caridina, kamba wadogo wanaofugwa kwenye matangi. Wafugaji makini hulenga chini ya 0.03 mg/L, na hapo ndipo ugumu unapoanza: vipimo vingi vya matone havioni kitu chini ya 0.05 au 0.1 mg/L. Kipimo kikisema sifuri, kimesema tu kwamba shaba iko chini ya uwezo wake wa kuona.

Ugumu wa maji nao una neno. Kalsiamu hushindana na shaba kwenye matamvua, na asidi za humiki zinazotoka kwenye majani makavu na magogo hukamata sehemu ya shaba zenyewe. Ndiyo maana kiasi kilekile cha shaba kinaweza kuua kamba wote kwenye maji laini mapya na kuwaacha hai kwenye tangi la zamani lenye majani, magogo na maji magumu.

Gando la EDTA

Neno kelati, yaani kemikali inayokamata metali, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na jina hilo linafaa: molekuli moja ya EDTA huibana ayoni moja ya metali kwa sehemu sita kwa wakati mmoja. Ayoni iliyobanwa hivyo haishikamani tena na tamvua kirahisi. Sumu hupungua sana, ingawa shaba yote bado imo majini.

Hilo ndilo jambo la kushika kuliko yote katika kazi hii: kukamata si kuondoa. EDTA hukamata. Kuondoa hufanywa na kubadilisha maji, au na resini inayotumika bila EDTA. Makosa mengi yanayoua kamba yanatokana na kuchanganya kazi hizi mbili.

Nguvu ya mshiko wa EDTA huonyeshwa kwa logi ya K, na kila namba moja zaidi ni nguvu mara kumi:

- shaba 18.8
- nikeli 18.6
- risasi 18.0
- zinki na kadimiamu 16.5
- kalsiamu 10.7
- magnesiamu 8.7

Ukiitia EDTA kwenye maji magumu, kwanza itashika kalsiamu kwa sababu ndiyo iliyojaa humo. Usiogope. Shaba ikipita, EDTA huiachia kalsiamu na kuishika shaba, kwa kuwa tofauti ya 8 kwenye logi ni mara milioni mia moja.

Yapo yasiyokamatika. Aseniki, na kromiamu ya namba 6, kwa kawaida huelea majini kama ayoni hasi zilizofungwa na oksijeni, na EDTA haina pa kuzishika. Zebaki iliyogeuka kuwa methili-zebaki hupenda salfa iliyomo kwenye protini za mnyama na haitoki huko kwa EDTA ya majini. Kwa hayo matatu usipoteze muda na chupa ya EDTA. Tafuta maji mengine.

Dawa za kelati zisizo EDTA wanazopewa binadamu hospitalini kwa sumu ya risasi au zebaki hazina nafasi kwenye tangi. Huku hatumtibu kamba; tunatibu maji.

Kabla ya kutia chochote

Thibitisha kwanza. Kamba wanaoruka ovyo, wanaokimbilia juu ya maji, wanaoanguka ubavu au kupoteza mshiko wa miguu wanaweza kuwa na tatizo la shaba, lakini amonia, naitraiti, klorini na mabadiliko ya ghafla ya ugumu wa maji huleta picha hiyohiyo. Pima kwa mpangilio huu: amonia, naitraiti, klorini, pH (uasidi wa maji), GH (ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu) na KH (uwezo wa maji kuzuia pH isisogee), kisha shaba. Amonia ikisoma chochote juu ya sifuri, shughulika nayo kwanza, maana EDTA haiigusi.

Kisha pima chanzo, yaani maji ya bomba au ya kisima, si tangi peke yake. Chukua sampuli mbili za bomba: moja maji ya kwanza kabisa asubuhi, nyingine baada ya kuyaacha yatiririke dakika tatu. Ya kwanza ikiwa na shaba nyingi kuliko ya pili, shaba inatoka kwenye mabomba ya jengo, hasa yakiwa mapya. Maji yaliyolala usiku kucha kwenye bomba la shaba, tena yakiwa laini na yenye pH chini ya 7, huondoka na shaba. Maji ya moto ni mabaya zaidi kwa sababu ya tangi la kuchemshia na viungio vyake. Doa la bluu-kijani kwenye sinki ni ushahidi wa kutosha bila kipimo.

Vyanzo vingine vinavyosahaulika: maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati (zinki), ndoo ya bati, koki na viungio vya brasi, vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye mashina ya mimea ya majini, mawe yenye mishipa inayong'aa au yenye ukijani, na dawa za kuua konokono au vimelea vya samaki zenye salfeti ya shaba. Mbolea ya mimea yenye shaba mara nyingi husingiziwa bure. Shaba yake huwa kidogo na kwa kawaida tayari imekamatwa.

Maji ya kisima yenye chuma yanahitaji hatua ya ziada. Yapulizie hewa na uyaache yatulie saa 24 mpaka kutu itue chini, ndipo uchukue maji ya juu. Ukitia EDTA kabla ya hapo, chuma kitaila yote, kwa sababu EDTA hushika chuma kilichooksidishwa kwa logi ya 25.1, nguvu kuliko inavyoshika shaba.

EDTA ipi

Inayofaa ni EDTA ya disodiamu yenye maji mawili ya fuwele, uzito wa molekuli 372.24. Huyeyuka vizuri na mmumunyo wake una pH ya kati ya 4 na 5. EDTA ya asidi tupu haiyeyuki vya kutosha. Utabaki na unga chini ya chupa ukidhani umetia dozi. EDTA ya tetrasodiamu ni kali, pH yake inafika 11 hivi, nayo si ya mtu anayeanza. EDTA ya kalsiamu na disodiamu, ile inayotumika pia kwenye vyakula kwa namba E385, inafaa sana kwa maji laini kwa sababu haichukui kalsiamu ya kamba wala haishushi pH. Mbolea ya chuma ya EDTA si mbadala: gando lake tayari limeshika chuma, na hukiachia polepole.

Dawa za kutayarisha maji zinazouzwa kwenye chupa hazifanani. Baadhi zina EDTA, nyingine zina thiosalfeti ya sodiamu peke yake. Thiosalfeti humaliza klorini vizuri lakini haizuii zinki wala risasi. Soma lebo, maneno ya mbele ya chupa hayatoshi.

Kutengeneza mmumunyo wa akiba

Pima gramu 1 ya EDTA ya disodiamu. Yeyusha kwenye mililita 80 za maji yaliyokenekwa ya uvuguvugu, koroga mpaka maji yawe angavu kabisa, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Mizani inayosoma 0.01 ya gramu inatosha. Kama mizani yako ni ya kubahatisha, tengeneza mara tano yake, gramu 5 kwa mililita 500, ili kosa la mizani lipungue. Weka kwenye chupa ya plastiki, si kopo la chuma, na uandike tarehe na nguvu yake.

Mililita 1 ya mmumunyo huu ina miligramu 10 za EDTA, na inakamata:

- shaba 1.7 mg
- zinki 1.75 mg
- nikeli 1.6 mg
- kadimiamu 3 mg
- risasi 5.6 mg

Namba hizo si za kukariri bure. EDTA na metali hushikana moja kwa moja, molekuli kwa ayoni, hivyo metali nyepesi inahitaji EDTA nyingi zaidi kwa kila miligramu. Kwa shaba, gawanya 372.24 kwa 63.55, unapata 5.86: kila miligramu ya shaba inataka miligramu 5.86 za EDTA.

Kukokotoa dozi

Anza na ujazo halisi wa maji. Tangi linaloitwa la lita 70 lenye changarawe, mawe na nafasi juu lina maji karibu lita 60. Tuseme kipimo kimesoma shaba 0.15 mg/L:

60 × 0.15 = 9 mg za shaba
9 × 5.86 = 53 mg za EDTA
mara mbili kwa usalama = 106 mg, yaani mililita 10.5 za mmumunyo

Hiyo ni chini kidogo ya 1.8 mg/L. Kuzidisha mara mbili ni kwa sababu kipimo cha matone kinakosea kirahisi, na kwa sababu zinki na metali nyingine hazikupimwa lakini nazo zitadai sehemu yao.

Kama huna kipimo cha shaba na kamba wanakufa, tumia 2 mg/L, yaani mililita 2 za mmumunyo kwa kila lita 10. Kiasi hicho kinakamata shaba hadi 0.34 mg/L. Maji yakiwa na zaidi ya hapo, dawa sahihi ni kuachana nayo na kutafuta mengine.

Watu huogopa kwamba EDTA itanyonya kalsiamu na kuwafanya kamba washindwe kujivua. Hesabu haiungi mkono hofu hiyo kwa dozi hizi. Hata 10 mg/L hushika kalsiamu ya takriban 0.15 ya digrii moja ya GH. Suala la kweli liko kwenye KH: 10 mg/L za EDTA ya disodiamu hula karibu 0.15 ya digrii ya KH, na kwenye tangi la Caridina lenye KH sifuri hiyo inatosha kusogeza pH. Huko tumia EDTA ya kalsiamu, au tia dozi kwa mafungu matatu ndani ya saa sita ukipima pH kila mara.

Vituo vya kuzalisha vifaranga wa kamba hutumia EDTA ya 5 hadi 10 mg/L kama jambo la kawaida kwenye maji ya mabuu. Maji yao, hata ya Macrobrachium rosenbergii (kamba mkubwa wa mtoni), yana chumvi na kalsiamu nyingi, kwa hiyo usinakili namba yao kwenye tangi la maji laini. Kwa tangi la nyumbani, zaidi ya 5 mg/L ni kupoteza: hakuna shaba iliyobaki ya kukamatwa, na bakteria wa chujio pamoja na mimea wananyimwa madini madogomadogo wanayoyahitaji.

Utaratibu wa dharura, kamba wakiwa tayari wanakufa

1. Toa mkaa amilifu na resini yoyote kwenye chujio. Acha sponji na bakteria wake. Ongeza hewa kwa jiwe la hewa, maana kamba aliyeumia matamvua anahitaji oksijeni zaidi.

2. Tia dozi yako ikiwa imechanganywa kwanza kwenye lita moja ya maji ya tangi. Mimina polepole penye mkondo wa chujio kwa dakika 10 hivi. Mmumunyo wenyewe usimwagwe juu ya mimea ya moss walipojificha watoto.

3. Subiri. Kubadilishana kati ya kalsiamu na shaba hakutokei papo hapo. Ipe EDTA muda wa saa moja hadi saa nne. Usiongeze dozi ya pili ndani ya saa hizo kwa sababu tu kamba mmoja bado amelala ubavu. Aliyeharibika matamvua anaweza kufa hata maji yakiwa yamekwisha kuwa salama.

4. Ondoa maiti na magamba yaliyovuliwa. Kwa kawaida magamba huachwa ili kamba wayale na kurudisha madini, lakini safari hii gamba limebeba metali, na kulila ni kuirudisha tumboni. Usilishe kwa siku moja au mbili.

5. Siku hiyohiyo anza kubadilisha maji, asilimia 20 hadi 25 kwa siku, kwa maji yaliyotayarishwa kama ilivyoelezwa hapa chini. Mabadiliko manne ya asilimia 25 huacha karibu theluthi moja ya shaba ya mwanzo. Manane huacha asilimia 10. Kubadilisha asilimia 80 kwa mkupuo kunaonekana kama ushujaa, lakini mshtuko wa ugumu na joto huwafanya kamba wajivue kabla ya wakati, na wengi hufa katikati ya kujivua.

Mkaa amilifu unaweza kurudishwa baada ya hapo kwa ajili ya uchafu mwingine. Usiutegemee kuondoa shaba iliyokamatwa: mshikamano wa shaba na EDTA una chaji hasi na hunaswa na mkaa kwa unyonge.

Maji ya kubadilishia

Maji haya yakitoka bomba lilelile bila kutibiwa, kazi yote ya juu ni bure. Fungua bomba la maji baridi dakika tatu, jaza ndoo ya plastiki, ondoa klorini kwanza kwa thiosalfeti, kisha tia EDTA 2 mg/L ya maji ya ndoo. Acha saa moja ikiwa na jiwe la hewa, linganisha joto na GH, kisha ingiza kwa mrija mwembamba.

Angalia tofauti hii ndogo yenye uzito. Ukitia dozi kwenye ndoo tu, EDTA ndani ya tangi haiwezi kupita 2 mg/L hata ufanye hivyo mwaka mzima. Ukitia dozi ya tangi zima kila unapobadilisha maji, inarundikana. Na maji ya kufidia yanayopotea kwa mvuke yawe yaliyokenekwa au ya kichujio cha RO (kinachosukuma maji kupitia utando mwembamba sana), kwa sababu mvuke huondoka bila metali wala EDTA, vyote vikabaki nyuma vikiongezeka.

Kwa kweli, mwenye bomba la shaba au kisima kibaya anafanya vizuri zaidi kununua kichujio cha RO na chumvi ya kurudisha GH. Neocaridina hukaa vizuri kwenye GH 6 hadi 10 na KH 2 hadi 6. Caridina kwenye GH 4 hadi 6 na KH 0 hadi 1. Kichujio hicho huondoa karibu metali yote, na EDTA inabaki kuwa kitu cha dharura, inavyopaswa kuwa.

Mtego wa kipimo

Baada ya kutia EDTA, kipimo cha shaba kinaweza kusoma sifuri mara moja. Mwingine hufurahi na kuacha kubadilisha maji. Lakini vipimo vingine huona ayoni huru peke yake, na vingine huivua shaba kutoka kwenye EDTA na kuisoma yote. Usipojua chako ni kipi, namba haina maana.

Kukijua ni rahisi. Loweka kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa kwenye kikombe cha maji ya bomba usiku kucha, kisha toa waya. Gawa maji kwenye vikombe viwili. Kimoja tia matone matatu ya mmumunyo wa EDTA, subiri saa moja, kisha pima vyote. Vikisoma sawa, kipimo chako huona shaba yote, na unaweza kukitumia kufuatilia uondoaji. Chenye EDTA kikisoma kidogo au sifuri, kipimo chako huona shaba huru tu: kinakuambia kama kamba wako salama sasa hivi, hakikuambii shaba imetoka.

Resini: njia ya kuondoa kabisa

Resini ya kelati ni vishanga vya plastiki vyenye magando madogo ya iminodiasetati yaliyofungwa humo humo. Shaba ikishikwa haiwi tena majini. Ukitoa mfuko umetoa na shaba. Kwa tangi ambalo tatizo lake ni la muda mrefu na la kiwango kidogo, hii ni bora kuliko EDTA.

Ila usitumie vyote viwili kwa pamoja. Mshiko wa iminodiasetati kwa shaba una logi ya karibu 10.6, wa EDTA ni 18.8. Resini haiwezi kuipokonya EDTA shaba. Ukishatia EDTA, resini yako itakaa kwenye chujio ikishika kalsiamu tu, huku shaba ikizunguka mbele yake. Hii ndiyo sababu hatua ya kwanza ya dharura ilisema uitoe. Maliza kwanza mabadiliko ya maji, ya mwisho yakiwa ya RO yasiyotiwa EDTA, na EDTA ikishapungua hadi sehemu ndogo ya mwanzo, ndipo urudishe resini.

Weka resini kwenye mfuko wa nyavu laini mahali ambapo maji yanapita katikati yake, si pembeni, na baada ya sponji ili isizibwe na uchafu. Ikichukua shaba hugeuka rangi kuelekea bluu-kijani. Ikiwa kahawia, hiyo ni chuma au uchafu wa mimea.

Kuirudishia nguvu: vaa miwani na glavu, fanya kazi nje. Pima lita moja ya maji kwenye chombo cha plastiki, halafu mimina humo mililita 85 za asidi hidrokloriki ya asilimia 37. Asidi iingie kwenye maji, kamwe isiwe maji kwenye asidi. Loweka resini saa mbili ukikoroga mara kwa mara. Shaba hutoka na maji hugeuka rangi. Suuza mara tatu. Sasa resini iko katika hali ya asidi, na ukiirudisha hivyo itakula KH yote na kuangusha pH. Iloweke kwenye soda ya kuokea, gramu 30 kwa lita, mpaka isitoe povu tena, badilisha soda mara moja, suuza, na uipime kwenye kikombe cha maji ya tangi kwa saa moja. pH isiposogea, iko tayari.

Tangi lililowahi kutiwa dawa ya shaba

Changarawe ya chokaa, matumbawe na baadhi ya udongo wa mimea huhifadhi shaba na kuiachia polepole kwa miezi, hasa pH ikishuka. Vitu hivyo tupa. Havistahili gharama ya kuvisafisha. Kioo, plastiki na mabomba ya chujio vinasafishika: tangi likiwa tupu, bila kiumbe, lijaze maji yenye EDTA gramu 1 kwa lita, endesha pampu saa 24, mwaga, rudia mara moja, kisha suuza mara tatu. Sponji za zamani badilisha.

Maji haya yamwagwe kwenye mfumo wa majitaka, si kwenye kijito wala bwawa. EDTA huoza polepole mno, na ikifika kwenye tope la mto huweza kuzinyanyua metali zilizokuwa zimetulia humo.

Bwawa na kamba wa kuliwa

Hesabu ya bwawa ni ileile, ni uzito tu unaobadilika. Bwawa la mita za mraba 1,000 lenye kina cha mita 1 lina mita za ujazo 1,000. Shaba ikizidi hadi 0.1 mg/L baada ya dawa ya mwani, hiyo ni gramu 100 za shaba, na EDTA inayotakiwa ni gramu 586, au kilo 1.2 ukizidisha mara mbili. Iyeyushe kwenye mapipa ya plastiki na uisambaze bwawa zima asubuhi, pampu za hewa zikiwa zinafanya kazi. Lakini tope la chini litaendelea kuachia shaba, kwa hiyo panga kubadilisha maji na kuondoa tope baada ya mavuno, wala usirudie EDTA kila wiki.

Swali la kama EDTA inaweza kuondoa metali ndani ya nyama ya kamba aliyekwisha kuvuliwa lina jibu fupi: si kwa namna ya kutegemewa. Kuloweka huosha kilichopo juu. Kadimiamu na shaba hukaa zaidi kwenye tezi kubwa ya mmeng'enyo iliyo ndani ya kichwa, zikiwa zimefungwa kwenye protini. Zebaki hukaa kwenye nyama yenyewe. Kuchemsha hakuzitoi. EDTA inayoonekana kwenye lebo za kamba wa makopo, ambayo Marekani inaruhusiwa hadi sehemu 250 kwa milioni, imewekwa kulinda rangi na kuzuia vijiwe kama vioo visijitengeneze kwenye kopo.

Kinachofanya kazi ni kuwahamishia kamba hai kwenye maji safi kwa wiki kadhaa kabla ya kuvuna, wakiwa na chakula kisicho na metali, na kukata kichwa chote pamoja na tezi yake kabla ya kupika. Umoja wa Ulaya unapoweka kikomo cha 0.5 mg/kg kwa kadimiamu kwenye kamba, unapima nyama ya mkia na miguu. Kichwa hakimo kwenye kipimo hicho, wala supu iliyochemshwa kwa vichwa.